Kichaka cha Otilie

Kwa Wacheki, mtu akikuuliza uyoga wako umeuchuma wapi, unamjibu "msituni." Akiuliza mara ya pili, ujue hana adabu. Otilie Vránová, mjane wa seremala, alikuwa na kichaka chake kilichojaa uyoga, alichoonyeshwa na mama yake asubuhi ya harusi yake, na hata marehemu mumewe alizikwa bila kukijua. Alikunywa supu ya uyoga huo miaka ishirini na sita na kuishukuru, basi. Sasa ilikuwa zamu ya Blažena, binti yao wa pekee, aliyekuwa aolewe Novemba ya mwaka 1938. Otilie hakuwa na shamba wala ng'ombe wa kumpa. Alikuwa na hicho kichaka tu.

Mwisho wa Septemba, wakubwa wa nchi nne, Uingereza na Ufaransa zikiwemo, walikutana mjini Munich, Ujerumani, wakaigawa nchi ya Wacheki, na Wacheki wenyewe hawakukaribishwa mezani. Ujerumani ikapewa milima ya mpakani. Mpaka mpya ulipita nyuma ya banda la kuku la Otilie, na kichaka kikabaki ng'ambo.

"Tuwaachie, shemeji," alisema Hynek, mdogo wa marehemu, mwalimu wa shule ya kijiji. "Yule mkubwa wa Ujerumani kasema hiki ndicho kipande cha mwisho. Akishiba atatulia."

"Ashibe! Si amemeza Austria juzi tu mwezi wa tatu? Umemsikia akicheua?" Otilie alifoka. "Na hao Waingereza na Wafaransa, eti marafiki! Wanamtupia mbwa mwitu mguu wa jirani. Mimi ningekuwa waziri wao ningetembea na sufuria kichwani, watu wasinione uso."

Jumamosi alichukua kikapu akavuka. Hakufika mbali. Alisimamishwa na Gerhard, kijana wa forodha mwenye mashavu mekundu na adabu zake.

"Mama, huku ni Ujerumani."

"Uyoga haujaambiwa."

Kijana akacheka. "Basi nionyeshe unapochuma, nami nitakuacha upite kila wiki. Mimi si mtu mbaya."

Otilie alikuwa na mahali pengine kando ya kijito, pa hovyo hovyo. Akampeleka huko, akarudi nyumbani akijipongeza kwa ujanja wake.

Wiki iliyofuata Gerhard alikuwa akimngoja na vikapu viwili. Uyoga wa kijitoni umekwisha, alisema. Otilie akamwonyesha chini ya mwamba, na Gerhard akaweka mkono kifuani akaapa hataki pengine. Wiki ya tatu alileta wenzake watatu wenye bunduki. Otilie akawapeleka kwenye kichaka cha mama yake. Walikikanyagakanyaga, wakang'oa uyoga na udongo wake, kisha Gerhard akamwambia kwa upole kwamba tangu leo kuvuka ni marufuku.

Asubuhi ya harusi, Blažena aliwatoa wote chumbani akatega sikio. "Haya mama, wapi?"

Otilie aliangalia viatu vyake, kisha akasema yote.

"Pa kwanza ulimpa kwa nini?"

"Ili asitake pa pili."

"Na pa pili?"

"Aliapa, mwanangu."

Blažena alijikaza, akashindwa, akacheka hadi taji la maua likamponyoka kichwani. "Mama! Na ulivyowatukana mawaziri wa watu!"

Otilie alilia kwa aibu. Siku hiyo hakumtukana Mwingereza hata mmoja, na wageni wakadhani anaumwa.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata, theluji ikianguka, majeshi ya Ujerumani yakaja kuchukua sehemu iliyobaki ya nchi. Hynek alifika mbio. "Shemeji, wanataka vyumba tu. Tuwape cha mbele, watatuachia cha—"

"Nyamaza, Hynek."

Gerhard alikuwa tayari uani, na begi lake. Aliuliza kwa adabu chumba chenye joto ni kipi.

"Hakuna," Otilie alisema, akasimama katikati ya mlango.

Kijana alimwomba mara mbili apishe, kisha akamsukuma. Otilie aliangukia kizingiti, bega likavunjika, na Gerhard akaingia akalala kitandani kwake.

Miezi sita baadaye dunia ilikuwa vitani, na bega halijapona. Hynek alimwuliza kama bado linamsumbua.

"Bega alilivunja yeye," Otilie alisema. "Kichaka nilikitoa mimi mwenyewe. Hicho ndicho kinachoniuma."