Mboga Zetu na Mboga za Watu

Nianze na harufu, maana wifi yangu Khuyen pua humjua kabla ya macho. Nyuma ya nyumba yake, chini ya ukingo wa mto, kuna pipa la bluu. Humo anavundika vichwa vya samaki, matumbo ya samaki, maganda ya nanasi na molasi kwa miezi mitatu, mpaka vyote viwe uji mweusi. Uji huo anauchanganya na maji na kuumwagia mboga zake. Siku anayofungua kifuniko, mimi nikiwa jikoni kwangu, nyumba ya nne kutoka kwake, naacha kula. Nina miaka hamsini na sita, nimezoa kinyesi cha nguruwe, nimemuosha baba yangu alipokufa, na sikutapika. Pipa la wifi limenitapisha mara mbili.

"Wifi, funga hilo pipa, jamani!" humpigia kelele kutoka njiani. "Hata nzi wamehama!"

"Hawajahama, wamekuja kwako," hunijibu bila kuinua kichwa. "Waulize wamefuata nini."

Ndivyo alivyo. Ni mjane wa kaka yangu, mfupi, miguu imepinda kwa kuchuchumaa, na kofia yake ya majani ameitia viraka vya nailoni mpaka huwezi kujua ilianza vipi. Kaka alipokufa, miaka tisa iliyopita, tulidhani angeuza shamba amfuate mwanawe mjini. Hakwenda. Alisema mjini hawezi kula, hajui mboga zao zimetoka wapi. Sote tulicheka, maana sote tulijua zimetoka wapi. Zilitoka kwetu.

Watu wa mjini wanayasifia sana majira ya kuchipua. Waje waishi huku kaskazini mwezi wa pili, unyevu unapopanda kutoka ardhini. Sakafu inatoa jasho, kuta zinalia, nguo zinakaa kwenye kamba wiki nzima na ukizivaa unanuka mbwa aliyenyeshewa. Vijiti vya kulia vinaota manyoya meupe kwenye kikombe chake. Mwaka huu ukungu uliingia hadi kwenye picha ya baba pale madhabahuni, ukamla sikio moja. Nililipangusa kwa pombe huku nikiilaani hali ya hewa, na nikamwomba baba radhi kwa maneno niliyotumia.

Shambani ni kubaya zaidi. Manyunyu ya majira hayo hayaanguki, yananata tu. Miche ya figiri inaoza shingo usiku mmoja. Halafu wanatoka konokono wale wasio na nyumba, wekundu kama ufizi, wanaburura ute wao juu ya kila kitu. Nilikanyaga mmoja peku mlangoni kwangu, nikasugua unyayo kwa majivu mpaka ukawasha. Wifi yeye huamka alfajiri na vijiti vya zamani na chupa ya maji ya chumvi, akawaokota mmoja mmoja, tuta kwa tuta, kama anayechagua vipande vitamu bakulini. Chupa ikijaa anaitikisa kuona kama wamekufa. Siwezi kuieleza sauti yake.

"Pulizia dawa mara moja umalize," nilimwambia.

"Dawa ninayo. Hii hapa," akanyanyua chupa usoni pangu.

Hapa kijijini kila nyumba ina sehemu mbili za mboga. Nyuma ya jiko, karibu na kisima, kuna tuta moja au mawili. Hizo ni mboga zetu. Majani yake yana matundu, yana mchanga, na tunayala bila wasiwasi. Ng'ambo ya ukingo wa mto kuna mashamba yenyewe, na hizo ni mboga za watu. Zinapuliziwa asubuhi, zinachumwa kesho yake, zinang'aa, hazina tundu hata la sindano. Quyet mchuuzi huja na pikipiki yake, anazifunga kwa kamba nyekundu, anazipeleka mjini. Karatasi ya dawa inasema usubiri siku kumi na nne. Mvua ya majira haya haikupi siku kumi na nne za chochote, na Quyet hanunui jani lenye tundu. Hakuna aliyetufundisha hivyo, na hakuna anayelizungumza. Mkwe anayekuja kuolewa hapa huonyeshwa kisima, choo na tuta la nyuma ya jiko, na anaelewa.

Khuyen alikuwa na sehemu mbili kama sisi. Kisha mama yangu, aliyekuwa akiishi kwake na macho yameanza ukungu, alitoka siku moja ya majira haya haya kuwachumia wageni mboga. Alipitiliza jiko, akavuka ukingo, akachuma zilizopuliziwa jana yake. Alizipika, na mwenyewe akala nyingi kuliko wageni. Mimi ndiye niliyezoa matapishi yake siku tatu, ya kijani, yenye harufu ya mafuta ya taa. Alipona. Baada ya hapo mimi nilijenga uzio kuzunguka tuta la jikoni ili mtu asikosee. Khuyen alichimba shimo akafukia pampu yake ya mgongoni na chupa zote, na tangu hapo ana mboga za aina moja tu. Anachouza ndicho anachokula. Tulimwona ana kiburi. Mimi nilisema hivyo waziwazi, na msibani kwa mama nikalirudia.

Quyet aliacha kununua kwake kwa sababu ya matundu. Akauza kidogo kidogo sokoni, akila zaidi kuliko alivyouza, mpaka mwaka huu baada ya mwaka mpya, jiko la shule ya chekechea lilipomkubalia ajaribu. Mpishi mkuu, Bi Thoa, alimpa sharti moja. Kila Jumatatu kilo ishirini, mpaka majira yaishe. Akikosa Jumatatu moja, jiko linarudi kwa Quyet. Kijiji kizima kilikaa kusubiri akose, mimi nikiwa wa kwanza. Si kwamba namchukia. Ni kwamba mtu mmoja akiweza, wengine mnaonekanaje?

Akapita mwezi wa pili na konokono wake. Mwezi wa tatu jua likatoka ghafla, siku tatu kali mpaka tukavua mashati ya baridi, na vidudu vyeusi virukavyo vikamwagika kwenye figiri kama pilipili manga. Akavipulizia maji ya kitunguu saumu na pombe ya mchele, shamba likanuka ulevi. Siku ya nne baridi ikarudi, tukavaa tena yale mashati, bado yananuka mbwa. Mimi Ijumaa nilipiga dawa shamba zima chini ya mapaa yangu ya nailoni, maana Quyet angekuja Jumatatu. Jumamosi mchana mbingu ikawa rangi ya chungu cha zamani. Ikapiga mvua ya mawe, dakika kumi tu, mengine makubwa kama njugu mawe. Nailoni yangu ilitoboka hapa na pale lakini ikashika. Tuta la jikoni lilikuwa chini ya kichanja cha madodoki, halikuguswa. Matuta ya wifi yalikuwa wazi.

Nilikwenda kumtazama. Majani yalikuwa yamepondwa matopeni, na jioni ile ile yakaanza kutoa ule utelezi mweusi wa mboga inayooza. Alikuwa amepiga magoti akichambua jani kwa jani. Nikarudi nyumbani.

Jumapili asubuhi alikuja na vikapu viwili, mti wa kuvibebea begani. Mume wangu, Baba Diep, alikuwa ananoa mundu. Tep, mjukuu wetu wa miaka minne, alikuwa akichora kwa kidole kwenye jasho la ukuta. Mama yake, Diep, yuko kiwandani mjini, kwa hiyo Tep tunaishi naye sisi, na anasoma hapo hapo chekechea.

"Wifi," alisema Khuyen, "nimepata kilo nane. Niuzie kumi na mbili."

Moyoni nilicheka, nakiri. Miaka yote ya kuninyanyulia chupa ya konokono usoni, leo amekuja kwangu.

"Hilo tu? Shamba lipo ng'ambo, limejaa. Chukua hata hamsini."

"Umepuliza lini?"

"Aah, muda."

"Muda gani, wifi?"

"Siku kumi na ngapi sijui. Muulize shemeji yako."

Baba Diep akanoa kwa nguvu zaidi. Khuyen alimtazama, akanitazama mimi, kisha akachutama karibu na Tep na kumfuta kidole kwa upindo wa shati lake.

"Tep, kesho unakwenda shule?"

"Ndiyo, bibi. Kesho kuna wali na—"

"Kesho hatokwenda," nikamkatiza. "Ana mafua kidogo."

Lilinitoka lenyewe. Sikuwa nimelipanga, lilikuwa limeshapangika ndani yangu tangu aliposema kumi na mbili. Tep akanishangaa, pua yake kavu kabisa. Baba Diep akaacha kunoa. Ndipo nilipoisikia harufu ya mwili wangu mwenyewe, jasho na dawa ya Ijumaa iliyokuwa bado kwenye nywele.

Khuyen alisimama, akaweka mti wake begani.

"Basi," alisema, "hatuna mboga."

"Wifi, usiwe mkaidi. Utampelekea Bi Thoa kilo nane? Atakufukuza!"

"Anifukuze."

"Na wiki ijayo Quyet atawalisha watoto hizi hizi za kwangu, kuna tofauti gani?"

"Atawalisha yeye," alisema. "Na wewe. Mimi nitakuwa nimekaa kwangu na pipa langu."

Akaondoka na vikapu vitupu. Nilimrushia maneno mgongoni, mabaya, siyarudii hapa. Kisha nikaingia kuosha nywele. Nikaziosha mara mbili kwa maji ya majani ya mlimau, nikainusa mikono, harufu bado ilikuwepo. Tep alinifuata hadi kisimani.

"Bibi, mafua yangu yako wapi?"

Nilichukua mundu wa Baba Diep, nikafungua kile kiuzio changu, nikaanza kukata. Nilikata tuta la jikoni lote, figiri, mchicha, vitunguu majani, mpaka ncha za madodoki. Konokono mmoja alikuwa amelala kwenye shina. Nilimtoa kwa vidole vyangu, nikahisi ule ute, nikamtupa. Baba Diep alikuja akasimama juu yangu.

"Mama Diep, sasa sisi tutakula nini?"

"Shamba zima lile ng'ambo, unaniuliza tutakula nini?"

Zilitoka kilo kumi na moja na nusu. Nilizipeleka mwenyewe kwa wifi. Alizipokea, akageuza majani machache kutafuta matundu, akayaona, akaridhika. Hakunishukuru. Alinipa bakuli la chai, nikainywa nimeziba pua, maana pipa lilikuwa wazi.

Jumatatu Tep alikwenda shule bila mafua. Bi Thoa alipima mboga, akanung'unika juu ya ile nusu kilo iliyopungua na juu ya matundu, akapokea. Khuyen amebaki na jiko lake mpaka majira yaishe, na kijiji kimekosa cha kusema.

Mchana ule ule nilichuma ng'ambo sahani moja, nikazichemsha, nikaziweka mezani na sosi ya samaki. Zilikuwa nzuri mno. Kijani kitupu, laini, hazina doa. Baba Diep alichukua wali, akachukua samaki, akachukua tena samaki. Mimi nilichukua wali. Vijiti vyetu vilizunguka ile sahani kama kuna mtu amefia pale. Mwishowe akainuka nayo.

"Nawapa kuku."

"Usiwape kuku!" nilipiga kelele. "Mayai yao anakula Tep."

Akasimama katikati ya ua na sahani mkononi, hajui aiweke wapi. Kichefuchefu nilichokipata pale hakikutoka kwenye pipa la mtu yeyote. Nje Quyet akapiga honi. Nilimsikia akitandaza kamba zake nyekundu kwenye tangi la pikipiki na kumwita Baba Diep amsaidie kuvuka ukingo kwenda kuchuma.

"Nimwambie nini?" aliuliza mume wangu.

"Mwambie hatuna mboga."

"Mama Diep. Shamba zima lile?"

"Hatuna mboga," nilisema tena. "Na ukishamwambia, pita kwa wifi umuulize vichwa vya samaki ananunua wapi." Nikakimbilia nyuma ya jiko, kwenye tuta tupu, nikatapika mara ya tatu.