Tulivyonywana Jukwaani

Kitabu nilikinunua katika duka la Mhindi mmoja pale Bukoba, ambako kilikuwa kikichanwa ukurasa mmoja mmoja kufungia chumvi. Jalada lilikuwa limekwisha zamani na mchezo wa kwanza ulianzia katikati, kwa hiyo mpaka leo sijui nani aliitunga ile michezo. Najua tu kwamba iliandikwa ili ichezwe jukwaani, kwa Kiingereza kigumu, na kwamba karibu kila mtu ndani yake hufa. Niliisoma kwa kamusi kwa miaka miwili, kila nilipotoka kazini. Nilikuwa karani wa stoo. Nilitenga madaftari matatu: moja la wenda wazimu, moja la walipa kisasi, moja la majaliwa. Nilitaka kujua lipi linatangulia. Je, mtu hulipa kisasi kwa sababu amerukwa na akili, au hurukwa na akili kwa kukiahirisha?

Jambo moja lilinisumbua. Hakuna hata mmoja kati ya wale watu aliyekwenda barazani kudai haki yake. Mwanzoni niliona ni ujinga. Baadaye nikagundua kwamba aliyewadhulumu ndiye mara nyingi aliyekalia kiti cha hukumu. Hapo niliacha kuwacheka, maana sisi tulikwenda barazani na tukashindwa.

Baba yangu alikwenda Uganda kutafuta kazi akamwachia jirani yake kibanja chetu cha Muleba, yaani migomba, kahawa na makaburi ya wazazi wake, amtunzie. Aliporudi baada ya miaka sita, jirani alisema kibanja ni chake, na baraza la gombolola, yaani mahakama ya tarafa yetu, likamwamini. Tangu siku ile baba akaanza kupima. Alipima uwanja wa kanisa, alipima barabara, alipima ua wa nyumba niliyompangia mtaa wa Kashai, pale Bukoba, kwa hatua zilizolingana, huku akichomeka vijiti. Ukimuuliza anapima nini, alikujibu kwa adabu kabisa kwamba bado hajamaliza. Kisha kifua kikamshika. Katika maneno yake yote lilibaki moja tu lenye maana: azikwe kwa baba yake.

Nikaandika rufaa kwa Bwana DC. Ikakubaliwa kusikilizwa, mradi nilete mashahidi. Wazee wawili wa Muleba walijua ukweli wote, lakini kila nilipowafuata walianza kuzungumzia mvua.

Ndipo nilipofikiria mchezo. Kikundi cha walimu wa Kilutheri pale Muleba kilikuwa kikitafuta mchezo wa kuchezwa Jumapili moja alasiri baada ya ibada. Niliwatungia wa kwangu, kwa kanuni nilizozitoa kwenye madaftari: marafiki wawili wanaapa, mmoja anaiba shamba la mwenzake, aliyeibiwa anaingia wazimu, mwishoni anamuua mwizi naye anajiua. Nia yangu ilikuwa jirani yetu akae mstari wa mbele, watu wautazame uso wake, na wale wazee wawili waone aibu ya kunyamaza. Mimi ningecheza aliyeibiwa. Na sehemu ya mwizi nikampa mwalimu mmoja mwenye sauti nzuri kuliko wote, ambaye alikuwa mtoto wa jirani yule. Sitajitetea. Nilitaka baba yake ayasikie maneno ya wizi yakitoka kinywani mwa mwanawe.

Yeye alikubali upesi mno. Ningepaswa kulitilia shaka jambo hilo.

Katika vitabu vya Wazungu watu huapa kwa upanga. Upanga Muleba ungechekesha, kwa hiyo niliweka kiapo chetu, omukago. Wanaonywana hupasua buni moja yenye punje mbili, kila mmoja huipaka punje yake damu kutoka chale ndogo karibu na kitovu, na mwenzake huimeza. Tangu hapo hao ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Haruhusiwi mmoja kumdhuru mwenzake wala wazazi wake, wala kumnyima anachokiomba. Kwenye mazoezi tulitumia wino mwekundu, ule ule wa mwalimu wa kusahihishia.

Wiki zile sikukaa chini. Nilikuwa nikienda Muleba kwa lori na kurudi siku hiyo hiyo, nikibadilisha maneno njiani. Siku moja mama alinikuta uani kwetu Kashai nikipima urefu wa jukwaa kwa hatua.

"Usitembee hivyo," alisema.

"Napima tu, mama."

"Ndivyo alivyoanza kusema na yeye."

Jumapili ile uwanja wa shule ulijaa. Jirani yetu aliketi mbele kwenye kiti cha mgongo, fimbo katikati ya magoti, na wale wazee wawili walikuwa nyuma yake kidogo. Tulipofika kwenye kiapo nilinyoosha mkono nipewe kichupa cha wino. Mwalimu hakukitoa. Alitoa wembe mpya mfukoni, akafungua karatasi yake taratibu, akapandisha shati na kujichanja. Damu ikashuka. Akaipaka punje yake, kisha akanipa wembe.

"Zamu yako, rafiki yangu," alisema. Maneno hayo yalikuwa yangu, niliyaandika mwenyewe.

Nilikuwa na nafasi ya kufikiri mambo mawili. Nikikataa, mchezo unaishia pale, na watu watasema nimemwita mwenzangu kwenye kiapo nikiwa na uongo moyoni. Nikikubali, mchezo utaendelea mpaka kwenye wizi, na nilikuwa nimeungoja wizi ule kwa miezi. Nikajichanja. Nikameza.

Wizi ukachezwa. Nikacheza wazimu wangu, na nadhani niliucheza vizuri, kwani sikuwa na haja ya kubuni chochote. Lakini nilipoinua panga la mbao kumuua mwalimu, bibi mmoja alisimama katikati ya watu akapiga kelele:

"Weee! Usimguse! Si mmekwisha kunywana? Au sisi vipofu?"

"Bibi, keti, ni mchezo," mtu alimwambia.

"Mchezo gani wenye damu? Wewe ulimwona nani akinywana kwa mchezo?"

Wengine wakasimama. Wawili wakapanda jukwaani wakaninyang'anya panga. Hivyo mkasa wangu uliisha bila maiti hata moja. Jirani yetu alipita mbele yangu akielekea nyumbani, akanishika bega. "Umesema vizuri, mwanangu," alisema, na neno la mwisho alilitamka polepole.

Nilimkuta mwalimu nyuma ya darasa, anajifunga kitambaa tumboni.

"Ulijua," nilimwambia.

"Karani wa boma ni shemeji yangu. Barua yako niliisoma kabla ya Bwana DC."

"Kwa hiyo ukaleta wembe."

"Ulitaka kumvua nguo baba yangu mbele ya kanisa zima, tena kwa mdomo wangu. Ningeleta nini, maua?" Akakaza kitambaa. "Hata hivyo ungeweza kuukataa."

Mchungaji aliponisikiliza alisema kiapo kile ni ushenzi na hakimfungi Mkristo. Niliafiki kwa akili. Lakini wale mashahidi wawili hawakuzungumza tena juu ya mvua. Sasa walinijibu waziwazi kwamba hawawezi kumsaidia mtu kumshitaki baba wa munywani wake, ndugu yake wa kiapo. Mama naye alikuwa na swali moja. "Utasimama bomani useme nini?" Nilimjibu kwamba ulikuwa mchezo. "Na damu? Nayo ilikuwa ya mchezo?"

Zilibaki siku nne kabla ya rufaa. Baba alikuwa hawezi tena kutoka nje. Nilifungua daftari la majaliwa nikasoma nilivyoandika, kwamba mtu hutekwa na njia ile ile aliyoichagua ili kuokoka. Niliona ni maneno ya mtu mwenye nafasi. Nikalifunga. Nilizunguka mji, nikashuka ziwani, nikapanda tena mpaka sokoni, na hapo ndipo nikasimama. Nilikuwa nimekihesabu kiapo kwa upande mmoja tu. Hata mimi nilikuwa na haki ya kuomba.

Nikapanda lori kwenda Muleba na mwalimu nikamkuta shuleni.

"Rufaa nitaiondoa," nilisema. "Sasa nina ombi kwa munywani wangu. Baba yangu aletwe kwenu, alale ndani ya kibanja, na akifa azikwe kwa baba yake."

"Hilo sikulifikiria," alisema.

Tulikwenda pamoja. Baba yake alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamgeukia yeye, si mimi. "Ulikwenda kunilinda. Umeona ulichokileta nyumbani?" Kisha akatugeukia sote. "Mleteni. Chumba kipo. Kibanja sikitoi."

"Sikukuomba kibanja, waitu," nilisema kwa heshima. Ilikuwa kweli, na iliniuma.

Baba aliishi mle wiki tano, akiwa mgeni. Hakupima kitu. Sijui kama alitambua yuko wapi. Mama anasema alitambua, mimi sina ushahidi.

Siku ya maziko mwenye nyumba alisimama kati ya migomba akaonyesha kwa fimbo pa kuchimba. Migomba ilikuwa imepandwa upya na mimi sikuona alama yoyote ya kaburi la babu. Vijana wakapiga majembe mawili matatu.

"Si hapo," mama alisema. Alikwenda upande wa chini, akainama, akaondoa majani makavu kwa mkono. "Ni hapa."

Wote tulimgeukia mwenye nyumba. Kama angekubali, angekuwa amekiri mbele ya watu nani aliyekijua kibanja kile kabla yake. Wale wazee wawili walikuwepo, na safari hii hawakuangalia mawingu.

"Mama yenu anapajua," alisema hatimaye. "Chimbeni anapowaonyesha."

Nikaingia kaburini kuchimba na mwalimu, kwa zamu, mpaka adhuhuri.