Siku Breki Alipokataa Kutupa Karata

Wenzake kazini walimwita Breki, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa fundi wa lifti. Kila alipopanda kwenye kile chumba cha mashine juu ya paa la jengo, kitu cha kwanza kukishika kilikuwa breki. Anaifungua, anaipima, anaifunga, anaijaribu, halafu anarudia tena kana kwamba aliyeifunga mara ya kwanza ni mtu mwingine, tena mvivu. Mafundi wenzake walikuwa wanamcheka. Yeye alikuwa hajali, na lifti zake zilikuwa haziui mtu.

Kwenye karata pia jina lilimkaa vizuri. Jumapili mchana, yeye na mkewe na watu wengine wa mtaa walikuwa wanakutana kwenye ukumbi mmoja ulio juu ya duka la samani kucheza poka. Mchezo wenyewe hauna maajabu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, kisha katikati ya meza zinafunguliwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Unaunga zako na za mezani. Kila hatua mtu anaweza kuweka dau kwa chipu, vile vidude vya plastiki vya rangi rangi, na akishaweka, wewe unayefuata uamuzi ni wako. Ulipe umwone ana nini, au utupe karata zako umwachie. Siku za mashindano, chipu zikikuishia, umetoka. Unachukua koti lako unakwenda zako.

Breki alikuwa bingwa wa kutupa. Akiwekewa dau kubwa, anazitazama karata zake kama mtu aliyepewa chakula asichokiagiza, anazisukuma mbele na kusema, "Chukua." Mkewe ndiye alikuwa mlipaji. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na alilipa hata akiwa na karata za kutia huruma. Akipata anacheka. Akikosa anacheka vilevile. "Huyu mume wangu," alikuwa akiwaambia, "anazitunza chipu utadhani anazisomesha."

Mtu wa tatu wa kumjua hapa ni shemeji, mdogo wa kiume wa huyo mke. Aliuza matairi kwenye kibanda kikubwa karibu na kituo cha mafuta, na sauti yake ilikuwa ya kuuzia matairi. Akiwa na karata nzuri, mtaa mzima unajua. Akiwa na mbovu, mtaa mzima unadanganywa. Alimpenda dada yake kupita kiasi, na alimpenda Breki kwa sababu dada yake alimpenda.

Basi, mke akaanguka bafuni asubuhi moja akijiandaa kwenda kazini. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Hospitali walimfungua kichwa, wakamfunga, akakaa siku kadhaa bila kufumbua macho, kisha damu ikavuja tena. Daktari wa upasuaji aliwaita Breki na shemeji kwenye chumba kidogo chenye kalenda ya kampuni ya dawa ukutani. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Tunaweza kumrudisha tumfungue tena," alisema. "Anaweza kufia pale mezani. Anaweza kutoka akiwa hai lakini asimjue mtu. Na anaweza kupata nafuu, hilo nalo lipo, ingawa ni dogo. Tusipomfungua, mtakuwa naye siku chache, bila maumivu."

"Mfungueni," shemeji alisema papo hapo.

Daktari akamtazama Breki, maana mume ndiye aliyekuwa anaulizwa. Breki alikaa. Alisikia feni inavyozunguka, akajua kabisa kwamba panga lake moja limepinda. Hilo tu ndilo alilolisikia. Halafu sauti yake ikasema, "Hapana. Mwacheni apumzike." Mkono haukutetemeka wala sauti haikukatika. Shemeji alisimama akatoka nje.

Mke akafariki siku chache baadaye, kama daktari alivyosema.

Tangu pale Breki akafa ganzi. Sina neno jingine. Hakulia msibani, hakulia baada ya msiba. Alikwenda kazini, akapima breki, akarudi nyumbani, akala alichowekewa na binti yake bila kujua ni nini. Binti, ambaye alikuwa amerudi kukaa naye kwa muda, alimwuliza siku moja kama mboga zimezidi chumvi. Akajibu, "Ziko sawa." Zilikuwa zimeungua. Watu walimwambia jikaze, na yeye hakuwa na cha kukaza. Wengine walimwambia lia utoe uchungu, naye alikaa pembeni ya kitanda akingoja uchungu uje autoe, haukuja, akalala.

Shemeji alikuwa anamsalimu. Alikuja arobaini ilipoisha, akauliza kama gari lina tairi nzima, akaondoka. Habari ya kile chumba cha daktari hakuna aliyeigusa.

Binti ndiye aliyemrudisha kwenye karata. "Baba, nenda hata ukakae tu. Hapa ndani unaniogopesha." Akaenda. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: Breki akaanza kushinda. Zamani dau kubwa likimjia, mshipa wa shingo ulikuwa unamcheza, na kila mtu mezani alikuwa anausoma kama saa ya ukutani. Sasa shingo ilitulia kama ya sanamu. Uso haukusema kitu kwa sababu nyuma yake hapakuwa na kitu cha kusemwa. Daktari wa meno, mama mmoja mcheshi aliyekaa kulia kwake, alimwambia, "Umeiva siku hizi, Breki. Umekuwa jiwe." Alikusudia kumsifu. Breki akasema asante.

Mashindano makubwa ya mwaka yalikuja. Mshindi angepewa friji la milango miwili, ambalo mwenye duka la samani alikuwa amelitoa na kulisimamisha pale mlangoni likiwa na utepe mwekundu. Walianza na meza sita mchana, na jua lilipoanza kuingia kwa pembeni kwenye madirisha ya ukumbi walikuwa wamebaki watu wanne: Breki, shemeji, daktari wa meno, na kinyozi mmoja ambaye alikuwa haongei. Aliyegawa karata alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mama mkali, aliyewanyamazisha watazamaji kwa kuwatupia jicho tu.

Breki akapewa ree ya shupaza na mfalme wa uru. Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote, na kuwa nayo pamoja na mfalme ni neema. Akaongeza dau. Daktari wa meno akatupa, kinyozi akatupa, shemeji akalipa.

Karani akafungua tatu: ree ya kopa, nane ya pau, tatu ya pau. Sasa Breki ana ree mbili, moja yake na moja ya mezani. Akaweka dau. Shemeji akalipa haraka. Ikafunguliwa ya nne, kumi ya uru. Breki akaweka tena, kubwa zaidi. Shemeji akazitazama karata zake kidogo, akalipa. Ya tano ikawa mbili ya kopa, karata isiyomsaidia mtu. Safari hii Breki akagonga meza kwa kidole, maana yake sina la kuongeza.

Shemeji akazisukuma chipu zake zote katikati. Zilikuwa nyingi kidogo kuliko za Breki. Breki akilipa na akakosea, ametoka. Akitupa, anabaki na akiba ya kuendelea nayo.

Breki akaanza kuipitia safari nzima kutoka mwanzo, kama anavyofanya lifti ikikwama, anaanzia ilipokuwa salama. Pau mbili zilikuwa wazi mezani tangu mwanzo. Mtu mwenye pau mbili mkononi angelipa haraka akingoja pau ya tano, maana karata tano za aina moja zinashinda ree mbili, na pau hiyo haikuja. Mtu huyo sasa hana kitu, na njia pekee ya kushinda ni kumtisha mwenzake atupe. Hilo linaingia akilini. Upande wa pili, mtu mwenye jozi mbili, ambazo zinashinda jozi moja ya ree, naye angelipa vilevile kimyakimya, kisha mwisho aweke zote. Lakini shemeji na ukimya wapi na wapi? Shemeji akipata jozi mbili huwa anaanza kupiga mluzi.

Akapima, akapima tena. Ikawa sawasawa, huku na huku. Zamani, mizani ikifika hapo, kilichokuwa kinaiangusha ni hofu yake mwenyewe, anatupa na kupumua. Leo aliitafuta hofu hakuiona. Alitafuta hata hamu ya kushinda, hakuiona. Friji wanalo nyumbani. Akagundua kwamba mtu asiyetaka chochote hawezi kuamua kitu, anabaki anahesabu tu.

"Tupa, shemeji," shemeji alisema.

Hakusema kwa sauti ya matairi. Alisema polepole, huku anatazama chipu zake.

"Mchezaji asizungumze," karani akaonya.

"Nimemwambia shemeji yangu atupe. Kwani si ndiyo kawaida yake?"

Neno hilo lilimfikia Breki kutoka mbali, na alipolipokea alijua limetoka wapi. Limetoka kwenye chumba chenye kalenda ya dawa. Aliona mdomo wa shemeji ukisema mfungueni, na akasikia ile sauti yake mwenyewe iliyonyooka. Hakukasirika. Aliliweka lile neno kwenye mizani kama uzito mdogo: mtu mwenye karata nzuri hamwombi mwenzake atupe. Anataka alipwe. Kwa hiyo hana kitu.

"Nalipa," akasema.

Breki akafungua ree na mfalme. Shemeji akafungua zake taratibu, ree ya uru na kumi ya kopa. Ree mbili na kumi mbili. Jozi mbili. Breki ametoka.

"Nilikuambia utupe," shemeji alisema, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Breki akampa mkono, akamshukuru karani, akachukua koti lake na kushuka ngazi. Chini, duka la samani lilikuwa limefungwa upande wa barabarani, lakini mlango wa ndani ulikuwa wazi. Aliingia akakaa kwenye sofa mojawapo, likiwa bado limevikwa nailoni. Hakuwa na sababu ya kukaa pale. Hakuwa na sababu ya kwenda kwingine pia.

Shemeji akamfuata, anahema.

"Unafanya nini huku?" Breki akamwuliza. "Watagawa bila wewe. Chipu zako zitaliwa."

"Ziliwe." Akakaa, nailoni ikalia chini yake. "Ulidhani nakudanganya?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nakwambia kweli. Nilikuona huna pa kutokea, nikasema, basi atupe tubaki wote wawili mpaka mwisho. Dada angefurahi kutuona wawili."

Breki alifikiri. "Ulisema ndiyo kawaida yangu."

"Nilisema." Shemeji akajipangusa uso kwa kiganja. "Hilo nalo lilikuwa la kweli. Limenitoka. Nimelibeba tangu hospitali, shemeji. Kukataa kwako hakukuniumiza. Hata mimi kama ningelifikiria usiku mmoja, kesho yake ningekataa. Kilichoniumiza ni kwamba hukutetemeka. Ulisema hapana kama mtu anakataa chai."

"Sikutetemeka kwa sababu sikuwemo."

"Hukuwemo wapi?"

"Mle ndani. Mwilini. Mpaka leo sijarudi vizuri."

Shemeji akamtazama, kisha akaanza kulia, mtu mzima mwenye kitambi, mabega yanapanda na kushuka, nailoni inalia pamoja naye. Breki akamwekea mkono mgongoni. Alijua hivyo ndivyo inavyofanywa. Alihisi shati lilivyolowa jasho, na joto la mgongo, na zaidi ya hapo hakuhisi kitu. Lakini mkono hakuuondoa mpaka shemeji alipomaliza.

Friji lilichukuliwa na daktari wa meno. Shemeji aliporudi juu chipu zilikuwa zimepungua, akacheza ovyo, akatoka wa tatu.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja nyumbani na wazo. Alitaka waende wakamwulize yule daktari: kama wangemfungua tena, ingekuwaje? Binti hakulipenda hilo, akasema watajitonesha. Breki akasema, "Twende." Akavaa viatu.

Hospitali waliambiwa daktari amehama, amekwenda kufundisha mahali, na hakuna mwingine wa kuwajibu. Muuguzi aliyewaambia alikuwa na haraka. Wakasimama kwenye korido kama watu waliosahau walichofuata, halafu wakaingia kantini, kwa sababu mlango wake ulikuwa karibu. Wakaagiza chai. Shemeji akalalamika kwamba sukari imewekwa kwa uchoyo.

"Kwa hiyo hatutajua," akasema.

"Hatutajua."

Shemeji alikoroga chai muda mrefu. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kusimulia jinsi dada yake, alipokuwa mdogo, alivyokuwa akiiba karata mchezoni na kuzikalia, na mama yao alivyomwambia asimame, akasimama, zikadondoka zote sakafuni, naye akawa wa kwanza kucheka. Breki alikuwa ameishi na yule mwanamke zaidi ya nusu ya umri wake, na hilo hakuwahi kulisikia. Akakiweka kikombe chini.

"Endelea," akasema.