Siku Mama Alipokuja Uwanjani

Katika msimu wangu wa pili kama mshambuliaji wa kulipwa, timu yetu ilikuja kucheza Ifakara. Mama alimwachia dada kazi ya kuamia ndege wasile mpunga shambani, akatoka kijijini kwetu Mchombe kuja kuniona nikicheza kwa mara ya kwanza. Kocha akaniweka benchi. Kipindi cha pili aliniambia nipashe misuli moto, nikakimbia pembeni ya uwanja mpaka jezi ikalowa. Hakuniita tena. Mpira ukaisha tumefungwa, nami sijaingia.

Nilimkuta mama getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekimbia kuliko wote," akasema kwa furaha. "Ila wenzako wanakunyima mpira."

Nikampokea mkoba tukaelekea stendi.