Paswedi ya Zamda

Zamda Mwinyimvua hupiga video kwenye sherehe za wanawake peke yao. Mabaibui yakishavuliwa na bibi harusi akianza kuchezwa, kamera inayobaki ndani ni yake. Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, juu ya duka la vitenge.

Diski yake ilipokufa, aliipeleka kwa fundi mmoja karibu na sokoni. Aliporudi akamkuta fundi ameshaifufua, yeye na wenzake wamezunguka kompyuta, wanamtazama bibi harusi wa watu akikata kiuno. Zamda akachomoa waya, akaitia diski mkobani na kuondoka.

Siku hiyo akaamua: nakala za video zitakaa mbali na Kariakoo, huko kwenye intaneti, na hatazifungua mtu ila yeye. Wilbert, aliyemuunganishia intaneti pale ofisini, aliona anajisumbua.

"Dada Zamda, nakufungulia akaunti ya bure. Ukisahau paswedi, wenye kampuni wanakufungulia."

"Kwa hiyo funguo wanazo?"

"Wanazo."

"Basi na kuangalia wanaweza."

Wilbert akacheka. "Nani kule ana muda na ngoma zenu?"

"Hata yule fundi alikuwa na kazi zake."

Akamletea programu nyingine, nzuri kwa sura, lakini ilifunga mafaili yakishafika kwa wenye kampuni, yakiwa bado wazi. Zamda akaikataa. Wilbert akajitolea kumtunzia paswedi.

"Mabibi harusi wamenikabidhi mimi. Wewe hawakujui."

Mwishowe wakaipata moja, maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Hiyo ilifunga kila faili humo humo kwenye kompyuta yake kabla halijatoka, na jinsi ilivyoandikwa iliwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuikagua. Wilbert akamwonya: paswedi ikipotea, hakuna wa kumlilia.

"Ndiyo ninayoitaka," Zamda akasema. Akaipeleka kwanza sherehe moja huko kwenye intaneti, akairudisha, akaitazama yote, ndipo akaiamini. Na diski ya ofisini akaifunga kwa paswedi vilevile.

Msimu wa masika wezi wakavunja ofisi, wakabeba kompyuta na diski. Bi Sophia, aliyekuwa amemwoza bintiye karibuni, akapanda ngazi akihema.

"Mwanangu, harusi yetu si imo humo?"

"Imo, Bi Sophia. Ila mwizi hataiona."

Hawajamaliza, simu ikaita. Mwanamume akasema video anazo, na asipopewa chake atazimwaga WhatsApp. Bi Sophia akashika kichwa. Zamda akaweka simu kwenye spika.

"Nitumie kipande kimoja tu, nikione."

Yule mtu akatukana, akakata. Hakupiga tena, na hakuna kilichotumwa.

Zamda akaazima kompyuta ya Wilbert, akafunga mlango, akaandika paswedi yake. Taratibu harusi ikashuka yote, vigelegele kwa ngoma. Wilbert akagonga, akauliza kama imekubali.

"Imekubali," Zamda akamjibu, asifungue.