Walisema Mtihani Wangu Ulikuwa Sawa na wa Wenzangu

Admin, nifichie jina tafadhali, watu wa ofisi yetu wanasoma hapa. Niko saiba, hapa pa kulipia kompyuta, Dagoretti Corner. Kompyuta zao hazina sauti ya kunisomea, kwa hivyo mimi naongea na dada yangu anaandika.

Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, naishi Kabiria. Macho yaliniishia nikiwa kidato cha pili. Miaka saba nimepokea simu kwa kampuni moja ya bima huku tao, katikati ya jiji. Kompyuta yangu ya kazi hunisomea maandishi kwa sauti.

Juzi walitangaza nafasi ya msimamizi, na mtihani ukatumwa kwa kompyuta. Wenzangu walipata fomu ya kujaza. Ukibonyeza swali, barua ya mteja inafunguka, ukimaliza unatuma. Mimi nilitumiwa yangu, ya wasioona, na ilikuwa maandishi matupu. Nasikia "bonyeza hapa usome barua," nabonyeza, hakuna kitu. Mahali pa kuandika jibu hakuna. Nikampigia aliyeitengeneza, nimwite Wambui, rafiki yangu ambaye hunishika mkono tukienda kula.

Akasema, "Maneno ni yale yale, jibu tu vile unaweza."

Nilianguka mtihani. Nafasi ikapewa mwingine. Nilipolalamika, meneja aliniita.

"Si tulikutengenezea yako spesho?"

Nikamwambia, "Maswali niliyasoma, bosi. Kujibu ndiko hakukuwezekana."

Hakubishana. Alinipa barua nisaini, kwamba nilipewa mtihani ulio sawa na wa wenzangu. Niliporudi kwenye meza yangu, Wambui ndiye alinisomea, pole pole, halafu akaninong'oneza, "Usiposaini, watasema makosa ni yangu. Nitafutwa kazi, na unajua mama yangu ananitegemea."

Hajawahi kuniomba kitu.

Bwanangu anasema nisaini, nishukuru nina kazi. Labda ni kweli. Lakini kuna msichana mwingine asiyeona ameitwa kufanya mtihani wa nafasi nyingine mwezi ujao, na nimesikia atatumiwa fomu ile ile. Nikisaini, nitakuwa nimesema inatosha. Nikikataa, rafiki yangu anaenda nyumbani, na fomu sidhani watairekebisha.

Barua inatakiwa Jumatatu. Nimechoka hata kulia. Nyinyi mngekuwa mimi mngesaini? Niambieni tu, hata kama jibu litaniuma.