Jina la Wendo Lilivyochukuliwa

Baba na mama walifariki mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Baba alituachia kazi moja: kushona matandiko ya mkonge ambayo punda hubebea mitungi ya maji. Yake yalikuwa na mito miwili minene kando ya uti wa mgongo, mzigo usiguse mfupa. Kila tandiko alilijaribu kwa punda wetu, aliyesimama na mitungi iliyojaa hadi adhuhuri. Ngozi ikichubuka, tandiko linafumuliwa. Lililofaulu lilishonwa neno WENDO, yaani upendo kwa Kikamba.

Mimi niliendelea vivyo hivyo. Kufikia miaka ya themanini, kutoka Kalamba hadi Makindu, watu hawakusema tandiko tena. Walisema wendo. Nilifurahi, mjinga mimi. Hata mlangoni pa kibanda niliandika: Wendo za kila aina.

Ndipo mfanyabiashara mmoja sokoni akaanza kushona za magunia ya nailoni, bila mito, akiziita wendo. Punda walitoka vidonda, na wenye punda wakanijia mimi. Mama mmoja tuliyesali naye aliniambia mbele ya kanisa zima kwamba nimeharibu kazi ya marehemu.  

Nilimwita ndugu yangu anayenifuata, niliyemsomesha hadi kidato cha nne. Mimi nilitamka, yeye akaandika barua kwa yule mtu: acha kuuza wendo zako mbovu. Hakujibu. Nikabeba nakala hadi kwa wakili mjini Kitui, nikitaka kitu kimoja tu, jina la baba litoke kwenye nailoni.

Wakili aliisoma akatabasamu, na tabasamu hilo likanichoma. Akaniuliza viatu vya wadogo zangu navipaka nini. Nikasema kiwi.

"Ya kampuni gani?"

"Nitajuaje? Mimi nanunua kiwi."

"Kiwi lilikuwa jina la rangi ya viatu ya kampuni moja tu. Na wenzako wananunua wendo. Jina likishakuwa la kitu chenyewe, mama, kulirudisha ni kazi ngumu. Tena hapa umekiri mwenyewe kwamba anazouza ni wendo."

Nilimuuliza mwizi ataitwaje bila kutaja alichoiba. Akasema kwenye barua ningeandika matandiko, si wendo, na jina ningelisajili Nairobi zamani, kabla halijazoeleka. Zamani gani? Zamani nilikuwa nasuka kamba hadi vidole vinatoka damu. Wenye ofisi wanajua jina hulindwa vipi; sisi tunaambiwa likishaondoka. Nilimwambia hivyo. Alinirudishia barua yangu.

Niliporudi Kalamba nilimkuta mzee mmoja kibandani, punda wake ana kidonda cha upana wa kiganja. Alitaka nimshonee mkanda uliokatika wa tandiko lake la nailoni.

"Hiyo sikushona mimi, mzee."

"Lakini si ni wendo?"

Nilichukua kisu nikaikata vipande viwili mbele yake. Akaniita mwendawazimu, akasema atanishtaki kwa chifu. Nikamwambia aende, akirudi atakuta lake la mkonge liko tayari, na punda asibebe chochote mpaka apone. Aliondoka akilalamika njia nzima kwamba nimempasulia wendo yake. Nikaketi, nikaanza kushona mto wa kwanza.